Siku Bi Kelele Aliponyamaza

Jamani, basi. Tangu nirudi kutoka Mwera sijashona hata kifungo. Nikikaa tu kwenye cherehani, anaingia mmoja wenu: "Ehe, Athumani, ati gari lilikaangwa?" Namhadithia. Huyo akitoka anaingia mwingine, naye anataka tangu mwanzo. Na kila mmoja akifika barazani anatia chumvi yake, mpaka jana nimesikia ati nilivuka mto Pangani nikiogelea na dainamo kichwani. Nimechoka. Nimeyaandika yote hapa. Ajuaye kusoma asome, asiyejua asomewe, kisha mniache, maana kanzu za watu zimelala na wenyewe wameanza kunitazama kwa jicho baya.

Chumbageni, alfajiri

Gari langu mnalijua, na jina la Bi Kelele mlilipachika nyinyi, si mimi. Ni gari la kabla ya vita, na ugonjwa wake mmoja ni ule mkanda wa mpira unaozungusha feni na dainamo. Umezeeka, ukizunguka unapiga yowe. Mpya hakuna, nimeutafuta Tanga nzima. Nyinyi mlikuwa mkiziba masikio, lakini mke wangu Mwanaasha alikuwa akiusikia tangu kona ya msikitini, anateleka birika, nami nikiingia mlangoni kahawa iko tayari. Kwa hiyo sikuona aibu nao.

Mwanaasha alikwenda kwao Mwera kujifungua, kama ilivyo desturi kwa mimba ya kwanza. Habari zikaja na dereva wa lori: mtoto wa kiume, mama mzima. Nilimkumbatia dereva yule mpaka akaniomba nimwachie. Kisha akaniambia maneno ya baba mkwe wangu, Mzee Kombo: "Siku ya saba, baada ya sala ya alasiri, mtoto anapewa jina. Baba mtu akiwepo atataja yeye. Asipokuwepo nitataja mimi."

Hapo ndipo jasho liliponitoka. Mzee Kombo ni mtu mwema, mcha Mungu, lakini katika majina hafai. Huwaita watoto kwa mambo yaliyomuudhi siku hiyo. Wajukuu zake wa kwanza ni Nzige, Mashaka na Tabu, na yupo mmoja anaitwa Banda kwa sababu alizaliwa siku upepo ulipong'oa banda la kuku. Mimi nilikuwa na jina langu. Marehemu baba, Mungu amrehemu, aliondoka masika iliyopita, na siku zake za mwisho alikuwa akiuliza jambo moja tu, kama Mwanaasha hajawa na kitu tumboni. Hajawa, nikamwambia. Akasema, "Basi akija mumpe jina langu, nami nitakuwa nimefika." Baba yangu alikuwa Bakari. Nilikuwa nimemwahidi, na sikuwa tayari kumwita mwanangu Banda wa Pili.

Wa kwenda nami alikuwa shangazi Mwanaidi, dada yake marehemu. Jioni ya kuamkia safari alilizunguka gari akiwa amefunga leso kiunoni, akasema, "Athumani, gari hili linalia. Tuingie ukweni kwa watu na kilio? Watadhani tumeleta maiti."

"Ndivyo lilivyo, shangazi. Mkanda umezeeka."

"Ndivyo lilivyo," akasema. "Hata mtoto asiyefundwa ndivyo alivyo."

Alfajiri nikafungua boneti, nikatia maji kwenye rejeta, nikaliacha wazi nikaenda kusali. Niliporudi nikalifunga; shangazi alikuwa amekwisha kaa kiti cha nyuma na buibui lake, kikapu mapajani, anatabasamu kama mtu aliyeficha kitu. "Haya," akasema, "washa, usikie."

Nikawasha. Kimya! Injini inanguruma vizuri, lakini yowe hakuna. Nikasikiliza, nikasikiliza tena. Nikafurahi nikapiga usukani: "Umeona, shangazi? Gari langu lina adabu zake. Limejua linakwenda ukweni!"

Tabasamu likafutika usoni. "Gari lako," akasema.

"Ndiyo."

"Lina adabu."

"Sana!"

"Haya," akasema, akageuza uso dirishani. Hakunena nami tena mpaka tulipouacha mji. Nami nikasema moyoni, huyu amekosa usingizi.

Wahenga walisema kimya kikuu kina mshindo mkuu. Nilikuwa nikiwashonea watu kanga zenye maneno hayo, wala sikuyasoma.

Kuelekea Tongoni, njia ya salamu

Tulipopata barabara ya Pangani ndipo nilipoiona taa. Kwenye dashibodi kuna taa nyekundu, ndogo kama punje ya mtama. Ukitia ufunguo inawaka, injini ikishika inazimika. Hiyo ndiyo dalili kwamba dainamo linatengeneza umeme na kuilisha betri. Ikibaki inawaka, betri hailishwi, gari linakula akiba, na akiba ikiisha hakuna cha kuzungushia stata wala cha kuchomea petroli. Siku ile ilibaki inawaka. Nikaigonga kwa kidole. Ikaendelea kunitazama.

Nikajiambia, si neno. Betri ilikuwa imejaa, na gari likienda bila kusimama litafika Mwera na baki itabaki. Bila kusimama! Na nyuma nimempakia shangazi Mwanaidi, ambaye bibi yake ni mtu wa pwani hiyohiyo ya Mtang'ata, na ukoo wake umetandazwa kando ya barabara ile kama dagaa juani.

"Simama, simama! Yule si mjomba Sefu?"

"Shangazi, tumechelewa."

"Umpite mjomba Sefu? Umtimulie vumbi? Simama!"

Nikasimama, nikaacha injini inanguruma. Nikatoa kichwa dirishani: "Shikamoo, mjomba!"

Shangazi akanipiga bega kwa upepeo wake. "Zima! Unamwamkia mtu mzima na gari linakoroma? Nani kakulea?"

Nikazima. Tukaulizana habari za nyumbani, za watoto, za mvua, za mguu wa mjomba, za mguu mwingine wa mjomba. Nikawasha tena, stata ikazunguka. Mbele kidogo tukamkuta somo yake shangazi anachuma kisamvu. Zima. Habari za kisamvu. Washa. Kisha msikiti wa Tongoni, wazee wanne kivulini, na mzee mmoja huwezi kumwamkia ukawaacha watatu. Zima. Kila nilipowasha, stata ilizunguka kwa uvivu zaidi.

Pale Tongoni mzee mmoja aliinua pua. "Mmebeba nini humo? Naona harufu ya vitumbua."

"Hatuna kitu, babu."

"Mimi naona harufu ya vitumbua," akasema, na wenzake wakaitikia, wakalitazama gari namna ya watu wanaongoja kukaribishwa. Na kweli, hata mimi niliisikia, harufu tamu ya kitu kinachokaangwa. Nikamgeukia shangazi: "Una vitumbua kikapuni?"

"Mimi niwe na vitumbua! Mimi ni nani hata niwe na vitumbua?" akasema. "Mtu hufanya wema wake alfajiri, hata ahsante hapati, jua likipanda anaombwa vitumbua."

Sikuelewa hata neno moja. Nikaondoka, na wale wazee wakabaki wanatusema, nina hakika, kwamba watu wa mjini siku hizi wanakula njiani peke yao.

Kigombe, kwa fundi wa mkonge

Kabla ya Kigombe taa nyekundu ilikuwa bado inang'aa, na mshale wa joto ukaanza kupanda. Nikaingia kwenye karakana ya shamba la mkonge, kwani nilimjua fundi wao, Yohana, Mbondei mmoja mpole niliyemshonea suti ya ndoa. Nikazima. Nikajaribu kuwasha ili aone, stata ikasema ng'e, ikanyamaza.

"Pole," akasema Yohana. Huyo ni mtu wa kufuata mambo kwa taratibu, si kama nyinyi mnaoanza kwa nyundo. Akatazama vichwa vya betri, akakuta unga mweupe, akausugua. Akagusa nyaya zote zinazotoka kwenye dainamo, hakuna iliyolegea. Akaubonyeza mkanda kwa kidole gumba kilichojaa grisi, umekaza. Kisha akatoa nyaya kwenye dainamo, akafunga balbu moja kati yake na chuma cha gari, tukaliwasha Bi Kelele kwa hendeli, ile ya kuzungusha kwa mkono mbele ya gari, akaniambia nikanyage mafuta taratibu. Balbu ikawaka mpaka ikaumiza macho.

"Dainamo lako ni zima," akasema. "Mgonjwa haumwi hapa."

Akarudisha nyaya mahali pake. Taa nyekundu ikawaka. Akafungua kile kijisanduku kinachopokea umeme wa dainamo na kuupeleka kwenye betri, tunakiita katauti, akapiga msasa meno yake, akafunga. Taa nyekundu ikawaka. Akazitoa nyaya tena, balbu ikawaka vizuri. Akazirudisha, taa nyekundu ikawaka.

Yohana akakaa juu ya tairi. "Sijaona jambo hili. Lisipopewa kazi, linatoa umeme. Likipewa betri lilishe, linagoma."

"Kama shemeji yangu," nikasema. "Kwenye chakula yuko hodari."

"Lazima ni katauti. Na hapa hatuna. Sasa sikiliza, Bwana Athumani. Usizime gari mpaka Mwera. Hata ukimkuta gavana njiani, usizime."

"Na tukimkuta mjomba Mbaruku?" akauliza shangazi.

"Hata mjomba Mbaruku, mama."

Shangazi akamtazama Yohana kama mtu aliyemwambia avue buibui. Akasogea karibu na gari, akaniambia kwa sauti ya chini, "Athumani, mimi si fundi. Lakini gari hili leo asubuhi lilikuwa na nini ambacho jana halikuwa nacho?"

"Taa nyekundu!" nikasema kwa hasira.

"Haya," akasema, akaingia garini. Ewe Athumani mjinga! Mlango ulikuwa wazi mbele yangu, nikaupita nikaenda kugonga dirishani. Tulipokuwa tunaondoka Yohana alivuta pumzi, akasema, "Naona jikoni kwetu leo wametia nazi," akaenda kutazama kama chakula kimeiva.

Pangani, maji ya mvua na maoni

Sikuzima. Tulimpita mjomba Mbaruku akiwa ameinua mkono, na shangazi akajifunika uso kwa leso akasema, "Mungu wangu, nisamehe." Kuanzia hapo mpaka Pangani akawa analia kidogokidogo, si kwa sababu ya mjomba peke yake, lakini mimi sikujua hilo.

Mwenyezi Mungu ndiye mpangaji. Tulipoingia Pangani rejeta ilichemka. Moshi mweupe ulitoka, maji yakarukaruka, nikasimama mbele ya duka la Bwana Rajabali nikazima, kwa sababu injini ikiungua hakuna Mwera, hakuna jina, hakuna kitu. Pantoni ya kuvushia magari mtoni nayo ilikuwa ng'ambo, na wavutaji walikuwa wanakula.

Bwana Rajabali ni muuza vitambaa, tunajuana kwa majora. Akatoa viti, akatoa bajia na chai ya tangawizi, akatoa na maoni. "Athumani bhai, nilikuwa na gari kama hili hili. Betri yako ina kiu." Akaleta maji ya mvua kwenye chupa ya marashi, akatia tundu baada ya tundu, anasema bismillahi kila tundu. Nikajaribu. Hata ng'e haikusema.

"Basi honi inavuja umeme." Akachomoa waya wa honi. Hakuna kitu. "Basi taa za mbele." Akachomoa. Hakuna kitu. Gari likawa bubu na kipofu.

Ndipo nikaiona. Nyuma ya duka, juu ya rafu, redio yake, na chini ya redio betri kubwa ya gari, nzima, inang'aa. Nikaikodolea macho. Bwana Rajabali akayafuata macho yangu, akasimama kati yangu na rafu.

"Hapana, Athumani bhai. Omba shati. Omba hata duka. Mama yangu alasiri anasikiliza Kurani redioni, na asipoisikia mimi nitalala nje."

"Mwanangu anapewa jina alasiri hiyohiyo!"

"Na mimi mama yangu ananipa majina kila siku," akasema. "Kula bajia."

Nikala bajia. Nikaona uchungu, nikazila nyingi. Shangazi alikataa kula. Niliketi nikimtazama, mwanamke mzima amevaa buibui lake jema kuliko yote, amebeba kikapuni kikoi cha marehemu kaka yake ili mtoto afunikwe nacho siku ya kupewa jina, naye analia kwenye duka la watu. Nikamshika mkono. "Shangazi, tutafika."

"Mimi silii kwa hilo," akasema.

"Unalia nini?"

"Kula bajia zako."

Kivukoni

Bwana Rajabali na wateja wake walitusukuma mpaka kivukoni. Tukalijaribu kwa hendeli, nikazungusha mpaka nikaona nyota mchana, likawaka. Pantoni ikaja. Nikaliingiza taratibu juu ya mbao, injini inanguruma, furaha imenijaa. Mkubwa wa pantoni, bwana mmoja mfupi mwenye kofia ya ukili, akaja dirishani.

"Zima."

"Bwana wangu, nikizima haliwaki."

"Sheria ya pantoni, gari linazimwa."

"Nina mtoto Mwera hana jina."

"Mimi nina saba, wote wana majina, na gari linazimwa."

Nikazima. Wakavuta kamba wakiimba, mto ukapita chini yetu mpana na mzito, nami nimekaa ndani ya gari lililokufa, naiona Bweni inakuja polepole. Yule mkubwa akanusa. "Mama, mnauza maandazi?" akamuuliza shangazi. "Mbona hamsemi?"

Bweni, mafuta yanaungua

Kutoka majini mpaka juu ni mwinuko wa mchanga. Wavuta pantoni wakasukuma, watu wa Bweni wakasukuma, mimi nikasukuma huku nimeshika usukani kupitia dirishani, na shangazi amekaa ndani kwa sababu kumteremsha mwanamke mzima mchangani si heshima. Tulipofika juu, adhana ya alasiri ikaadhiniwa.

Nilitamani kukaa chini nilie. Nasema kweli, msinicheke. Nilimwona baba yangu alivyokuwa siku ile, mkono wake mwepesi ndani ya mkono wangu. Mwera haikuwa mbali, lakini kwa miguu tungefika watu wamekwisha kula na kunawa.

Nikaenda kwenye hendeli kwa hasira. Nikazungusha, likawaka, nikakanyaga mafuta kwa nguvu zangu zote nione kama ile taa itaniogopa. Haikuniogopa. Lakini chini ya boneti ukatoka moshi wa buluu, na harufu ikamwagika Bweni nzima. Ndipo wakaja wanawake watatu na bakuli zao mikononi. Wallahi, na bakuli!

"Vitumbua bei gani?" akauliza wa mbele.

Shangazi Mwanaidi alishuka garini. Akaenda mpaka mbele ya gari, akafumba macho, akanusa kama mtu aonjaye mchuzi. Akafumbua macho.

"Si vitumbua," akasema. "Ni uto wangu. Uto wa nazi nilioutia asumini. Mafuta yangu ya nywele!"

"Yako wapi?" nikauliza.

"Si kwenye gari lako!"

"Yameingiaje kwenye gari langu?"

"Nimeyatia mimi! Alfajiri, ulipokwenda kusali! Nililinyamazisha mimi, si adabu zake! Chupa nzima kwenye mkanda wako unaolia, kwa mkono wangu, na tangu asubuhi nangoja useme 'ahsante shangazi', wewe unalisifu gari!"

Akaendelea, machozi yanamtoka: "Cherehani yako ikilia unafanya nini? Si unaitia mafuta? Nimekuona mara ngapi?"

"Kwenye vyuma, shangazi! Mkanda wa cherehani hautiwi mafuta, unateleza, gurudumu halizunguki..."

Nikainama nikautazama mkanda. Mimi ni fundi cherehani. Tangu utoto wangu nazungusha magurudumu kwa mikanda, na mkanda wenye mafuta najua unavyofanya: bila kazi unazunguka vizuri, ukitia kitambaa kizito unateleza mahali pamoja. Balbu ya Yohana ilikuwa kitambaa chepesi, dainamo likaizungukia. Betri yenye njaa ilikuwa kitambaa cha drili, kizito, mkanda ukateleza, dainamo likalala. Na feni iko kwenye mkanda huohuo, ndiyo sababu ya rejeta kuchemka. Yote, tangu Chumbageni, yalikuwa chupa moja ya mafuta ya nywele.

Nikacheka. Sikutaka, kicheko kilinitoka tu. Shangazi akanitazama, akadhani nimepata wazimu, kisha naye akacheka huku analia, na wale wanawake wenye bakuli wakacheka bila kujua kwa nini.

"Ahsante, shangazi," nikasema.

"Marahaba," akasema, akafuta machozi. "Sasa sufuria yenye mafuta inaoshwa na nini?"

Wanawake wote wakajibu pamoja: "Majivu!"

Nikazima gari, safari hii kwa hiari yangu. Nikalegeza boliti ya dainamo, nikauvua mkanda. Mmoja akaleta majivu ya jikoni kwenye lile bakuli la vitumbua, mwingine makumbi ya nazi, nami nikafungua rejeta taratibu kwa kitambaa, nikawakingia maji ya moto. Shangazi akakunja buibui, akachuchumaa, akausugua mkanda ule kwa majivu na makumbi kama anasugua sufuria ya pilau, ndani na nje, akasuuza, akasugua tena. Mimi nikasugua magurudumu yake na feni. Tukatia maji mapya kwenye rejeta, nikaurudisha mkanda, nikalivuta dainamo nje mpaka ukakaza, nikafunga.

Hendeli. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili likakohoa. Mara ya tatu likashika, na Bi Kelele akapiga yowe ambalo hajapata kulipiga Chumbageni. Kuku walitimka. Mtoto mmoja alianza kulia ndani ya nyumba. Nikakimbilia dashibodini.

Taa imezimika.

"Linalia," akasema shangazi, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

"Liache lilie," nikasema. "Panda!"

Mwera

Tuliingia Mwera katikati ya minazi kwa kelele hizo, watu wanatoka milangoni, mbwa wanatufuata. Nilikuwa na majivu mpaka kwenye kope, mafuta mpaka kwenye viwiko. Jua lilikuwa limekwisha lala upande. Nikasimama mbele ya nyumba ya Mzee Kombo nikijua nimechelewa, nikishuka huku nikitafuta uso wa kusimama nao mbele ya mwanangu Banda, au Vumbi, au lolote aliloamka nalo mzee siku hiyo.

Uani watu wameketi mikekani. Ubani unafuka, sinia za haluwa ziko tele, kinyozi ameshika wembe, mwalimu wa chuo amefunga msahafu. Mzee Kombo ameketi katikati yao, amenuna kuliko nilivyowahi kumwona.

"Shikamoo, baba. Tumechelewa, baba."

"Marahaba. Mmechelewa." Akanitazama kichwani mpaka miguuni. "Nimekwisha mwambia mwalimu jina. Nimesema, kwa sababu baba yake amechelewa, mtoto huyu ni Chelewa."

Nikamsogelea. "Basi amekwisha itwa, baba?"

"Kimekosekana kitu kimoja tu," akasema Mzee Kombo kwa uchungu. "Mtoto."

Sikuelewa. Mama mkwe akatoka upenuni, ameweka kiganja mdomoni ili asicheke mbele ya mumewe. "Mwanaasha amejifungia ndani naye tangu adhana," akasema. "Amepiga komeo. Baba yake amebisha mpaka mkono umemuuma. Anasema, 'Mume wangu yuko njiani, na simtoi mwanangu mpaka nimsikie.' Tukamwambia utamsikiaje, uko ndani? Akasema, 'Nitamsikia.'"

Komeo likasikika. Mlango ukafunguka. Mwanaasha akatoka na mtoto kifuani, uso wake mchovu na mzuri, akanitazama na majivu yangu yote.

"Nimekusikia tangu kwenye minazi ya chini," akasema. "Kahawa iko motoni."

Shangazi Mwanaidi aliketi chini palepale. Alikuwa amefumba mdomo kwa mikono miwili, na nilijua anafikiri jambo lilelile ninalolifikiri: kama chupa ile ingefanya kazi yake mpaka mwisho, tungeingia kwa adabu, kimya kimya, na asingesikia mtu.

Nikanawa mpaka viwiko. Nikampokea mwanangu, shangazi akamfunika kwa kikoi cha babu yake, nikaweka mdomo kwenye sikio lake dogo, nikamwambia yeye ni Bakari. Nikarudia mara ya pili. Mzee Kombo akapangusa macho, akasema vumbi la gari langu ni baya. Kisha akatangaza mbele ya watu wote kwamba wa pili atamwita yeye, na jina analo tayari. Sikuuliza.

Mwanaasha atamaliza arubaini yake kwao. Sisi tulirudi siku ya pili, taa imezimika, mkanda unapiga yowe njia nzima, tukisimama kwa kila mjomba na kuzima kwa heshima zote, maana betri sasa inashiba. Mjomba Mbaruku alitusamehe. Shangazi alilala kiti cha nyuma, chupa tupu ya uto kikapuni. Karibu na Tongoni nilipunguza mwendo kuwapisha ng'ombe, na mkanda ukatulia kidogo. Akashtuka, akafumbua macho.

"Athumani! Mbona halilii?"

Nikakanyaga mafuta, likalia.

"Haya," akasema, akalala tena.